D-Max ya 2008 iliyoinuliwa: mbele inagonga kama toroli, halafu imelalia kushoto. Nianzie wapi?

Mpunga_Mwekundu · Ijumaa, saa 2 usiku

Wakuu, habari za jioni. Miaka yote nimekuwa msomaji wa kimyakimya humu, leo yamenifika.

Mwezi uliopita nilinunua Isuzu D-Max ya 2008 jijini Dar. 3.0 dizeli, dabo kebini, 4x4. Muuzaji alikuwa ameinyanyua na kuivika tairi 265/75R16, na kusema kweli ikisimama inapendeza. Nilimpa hela yake nikaondoka nayo alfajiri kuwahi shamba Mlimba. Mpaka Chalinze nilikuwa natabasamu peke yangu. Baada ya hapo nikaanza kukutana na rasta na matuta, tabasamu likafutika.

Mbele hakuna kunesa kabisa. Ukipita tuta, hata dogo, unasikia "ko!" chini ya miguu, chuma kwa chuma. Mke wangu alishikilia mpini wa juu ya mlango kuanzia Mikumi mpaka Ifakara. Nyuma nako, gari ikiwa tupu, inarusha mkia kama punda. Halafu jambo la tatu ambalo sikuliona siku ya kununua: imelalia kushoto. Ukisimama nyuma yake unaona kabisa.

Fundi wa kwanza amesema ni shokapu, nitafute za gesi zote nne. Wa pili amesema tukate springi za nyuma. Kabla sijatoa hela ya mpunga naomba mawazo ya wenye uzoefu.

Nyundo_Saba · Ijumaa, saa 2 usiku

Uza, nunua Hilux.

Mpunga_Mwekundu · Ijumaa, saa 3 usiku

Mkuu, nikipewa bure naichukua leo hii.

Bwana_Kona · Ijumaa, saa 3 usiku

Hiyo ni rahisi. D-Max hizo za kwanza mbele hazina springi ya koili, zina tosheni baa. Muuzaji amezikaza ili gari ipande. Ukikaza tosheni baa springi inakuwa ngumu, ndiyo maana inagonga. Legeza tu, robo saa nyingi. Shokapu achana nazo.

Fundi_Kipara · Ijumaa, saa 4 usiku

Mpunga Mwekundu, pole na hongera. Gari uliyonunua ni nzuri, aliyeichezea ndiye hakumaliza kazi.

Bwana Kona dawa ameipata ila ugonjwa ameutaja vingine, na hapo ndipo watu wengi hupoteza hela, kwa hiyo nivumilieni nieleze kidogo.

Tosheni baa ni fimbo ndefu ya chuma iliyolala chini ya gari, moja kila upande, inafuata chesisi. Ncha ya mbele imeshikana na wishiboni ya chini, ule mkono wa chuma unaoshika tairi na kupanda na kushuka nayo. Ncha ya nyuma imeshikwa na mkono mfupi wa chuma, na mkono huo unasukumwa na boliti moja kubwa. Tairi ikipanda, ile fimbo inasokotwa kama unavyokamua nguo, nayo inarudisha. Ndiyo springi yako hiyo. Haina tofauti na ile ya Hiace za abiria, ila watu wanazipanda kila siku bila kujua.

Sasa, ugumu wa fimbo unatokana na unene wake na urefu wake. Boliti ile haiinenepeshi fimbo. Inazungusha tu mahali inapoanzia kusokotwa, kwa hiyo gari inasimama juu zaidi au chini zaidi. Mzigo ni uleule, fimbo ni ileile, ugumu ni uleule. Ukitaka springi ngumu kweli unabadilisha fimbo yenyewe, na hapo kuwa mwangalifu: fimbo nene kwa asilimia 10 tu inakuwa ngumu kwa karibu asilimia 46, maana unene unajizidisha wenyewe mara nne.

Utaniuliza, mbona inagonga? Inagonga kwa sababu wishiboni ya juu ina mpira wa stopa wa kuizuia isishuke kupita kiasi. Gari ikinyanyuliwa mno, wishiboni inakuwa tayari imelalia ule mpira hata ukiwa umeegesha. Tairi haina tena nafasi ya kushuka. Ukifika kwenye shimo tairi haiwezi kulifuata shimo, gari nzima ndiyo inaanguka. Ukitoka kwenye tuta tairi inashuka inakutana na stopa: ko!

Kwa hiyo swali langu la kwanza: inagonga ukiwa unapanda tuta au ukiwa unashuka?

La pili: egesha sehemu tambarare, ingiza tochi ndani ya tairi ya mbele, tazama mpira wa stopa wa juu. Kati ya mpira na chuma kuna nafasi gani?

Mpunga_Mwekundu · Jumamosi, saa 1 asubuhi

Shikamoo fundi. Inagonga ikishuka. Nimerudia tuta la hapa shuleni mara sita mpaka mlinzi akanifuata kuniuliza nimepoteza nini.

Nafasi hakuna. Hata karatasi haipiti. Upande wa kulia mpira umeshaanza kupasuka.

Bwana_Kona · Jumamosi, saa 2 asubuhi

Fundi nakuheshimu lakini mimi nimekaza tosheni baa za L200 yangu kwa mkono wangu na gari ikawa ngumu. Niliisikia kwa makalio yangu mwenyewe. Sayansi ya darasani baki nayo.

Fundi_Kipara · Jumamosi, saa 2 asubuhi

Makalio yako hayakudanganya, Bwana Kona. Ulichokisikia ni stopa. Fanya jaribio: bonyeza pua ya gari kwa uzito wako wote, pima imeshuka milimita ngapi. Kaza mizunguko mitatu tu, ambayo haifikishi stopa, ubonyeze tena. Ukipata tofauti kubwa njoo hapa unitukane.

Mama_Maparachichi · Jumamosi, saa 3 asubuhi

Kaka Mpunga, kabla hujashika spana hata moja, tairi zina upepo kiasi gani?

Nauliza kwa sababu mimi nabeba maparachichi Njombe kwa pikapu na nilishalia kilio hichohicho. Tairi hizo kubwa za ukuta mgumu, vijana wa kujaza upepo wakiziona wanadhani ni za lori. Wanajaza mpaka kompresa ichoke.

Mpunga_Mwekundu · Jumamosi, saa 4 asubuhi

Dada, Mungu akuweke. Mbele psi 48, nyuma 52! Kibandiko cha mlangoni hakifiki hata 40.

Nimeshusha zote mpaka 30. Nimezunguka nayo mpaka sokoni na kurudi. Ile "ko" bado ipo, lakini kile kitetemo kidogokidogo cha barabara ya changarawe kimepungua sana. Mke wangu anasema tuishie hapo.

Mama_Maparachichi · Jumamosi, saa 4 asubuhi

Hahaa, msikilize mkeo ila usiishie hapo. 30 ni ya gari tupu. Siku ukipakia magunia, nyuma rudisha upepo juu, tairi laini chini ya mzigo inachemka na kupasuka. Na pima asubuhi tairi ikiwa ya baridi. Ukipima ukitoka safari ndefu, geji itakusomea zaidi.

Tochi_Haina_Rafiki · Jumamosi, saa 5 asubuhi

Nachomekea la pembeni. Tairi za kiwandani hapo ni 245/70R16? Kama ndiyo, kipenyo chake ni kama milimita 749. Hiyo 265/75R16 ni kama 804. Maana yake mbili.

Kwanza, tairi peke yake zimekupandisha milimita 27 bila kugusa boliti yoyote. Pili, dashibodi yako inadanganya kwa asilimia 7. Ikisoma 50 wewe uko 53 na ushee, ikisoma 80 uko karibu 86. Pale Mikumi hifadhini, na kila kijiji chenye kibao cha 50, mzee wa tochi, askari wa kupima mwendo, hatasikiliza hadithi ya kipenyo. Elfu thelathini hiyo.

Mpunga_Mwekundu · Jumamosi, saa 5 asubuhi

Ndiyo 245/70R16. Na elfu thelathini nilishalipa. Nilidhani kaka wa tochi ananionea.

Fundi_Kipara · Jumamosi, saa 8 mchana

Turudi kwenye kazi. Mpunga, usilegeze boliti bado. Gari imelala upande mmoja, na anayelegeza bila kupima anaficha tatizo moja kwa kutengeneza jingine.

Chukua tepu. Usipime kutoka chini mpaka madigadi, maana hapo unapima na tairi na upepo na udongo. Pima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha tairi, kwenda juu wima mpaka ukingo wa madigadi. Pembe zote nne. Kabla ya kupima, sogeza gari mbele mita tano, rudi nyuma mita tano, kisha itikise kila pembe kwa mkono ikae sawa. Gari iliyotoka kushushwa jeki inasimama juu kwa uongo, tairi zinakuwa zimebanana ndani.

Ukimaliza hapo, fanya kitu ambacho gereji nyingi hawakifanyi. Weka jeki ya kitoroli chini ya difu ya nyuma, lile bonge la gia kwenye ekseli, katikati kabisa, nyanyua mpaka tairi za nyuma zote mbili ziachane na ardhi kidogo. Zuia tairi za mbele kwa mawe, mbele na nyuma, maana breki ya mkono hapo haishiki kitu. Kisha pima mbele tena. Usiingie chini ya gari, kupima tu.

Na uhesabu pia uzi wa boliti za tosheni baa unaoonekana, kila upande milimita ngapi.

Mpunga_Mwekundu · Jumapili, saa 10 jioni

Kazi imefanyika, nimesaidiwa na mdogo wangu. Zote ni milimita.

Ikiwa imesimama kawaida: mbele kulia 560, mbele kushoto 552. Nyuma kulia 610, nyuma kushoto 578.

Ikiwa na jeki katikati ya difu: mbele kulia 552, mbele kushoto 566.

Uzi wa boliti: kulia 31, kushoto 36.

Sielewi. Bila jeki kushoto ndiko chini. Ukiweka jeki, kushoto kunakuwa juu. Nimepima mara tatu nikidhani tepu imechanganyikiwa.

Fundi_Kipara · Jumapili, saa 11 jioni

Tepu yako nzima kabisa. Umepata jibu.

Ukiweka jeki katikati ya difu, nyuma inakaa juu ya nukta moja kama bembea, haina tena uwezo wa kuilaza gari. Mbele inabaki na hali yake yenyewe. Na hali yake yenyewe ni kwamba kushoto kumekazwa zaidi ya kulia, boliti zinathibitisha: 36 kwa 31.

Kwa nini mtu akaze kushoto zaidi? Kwa sababu aliona gari imelala kushoto, akadhani kosa ni la mbele. Kosa liko nyuma kushoto. Tofauti ya 32 kati ya 610 na 578 si ya uzee. Springi ya nyuma ni mabamba ya chuma yaliyopandana, ndiyo majani; ingia ukatazame ya kushoto jani kwa jani, hasa jirani na senta boliti, ile inayoyabana katikati. Weka stendi chini ya chesisi kwanza, jeki peke yake usiiamini hata ikiwa mpya.

Nyundo_Saba · Jumapili, saa 12 jioni

Kumbe huu uzi una faida. Nimeweka kiti.

Mpunga_Mwekundu · Jumatatu, saa 7 mchana

Wakuu, kaeni chini.

Nyuma kushoto jani la pili limekatika, limekatika zamani maana mpasuko una kutu. Hilo moja.

Pili, kati ya springi na ekseli kuna bloku mbili zimepandana kila upande. Ya chini ni ya chuma cha kumimina, ya juu ni kipande cha bomba la mraba kimechomelewa. Na yuboliti, zile boliti za umbo la U zinazofunga springi na ekseli, ili zifike, zimeunganishwa urefu kwa kuchomelea.

Tatu, kuna kifimbo kinatoka kwenye difu kwenda kwenye kitu fulani cha breki juu ya chesisi. Kimefungwa kwa waya wa kufungia nondo.

Nimetoka Dar nayo hiyo. Na mke wangu na watoto wawili.

Mama_Maparachichi · Jumatatu, saa 7 mchana

Ee Mola. Kaka, isiende popote.

Fundi_Kipara · Jumatatu, saa 8 mchana

Umesema vizuri dada. Isiondoke hapo ilipo mpaka yuboliti hizo zitoke.

Bloku moja nyuma, ya kiwandani, yenye tundu na nundu ya kukaa kwenye senta boliti, watu wanatumia. Mbili kupandana ni marufuku, kwa sababu ukikanyaga mafuta au breki ekseli inataka kujizungusha, na kadiri bloku inavyokuwa ndefu ndivyo inavyopata nguvu ya kuipinda springi. Huo mkia kurushwa kama punda sehemu yake ni hiyo. Na yuboliti iliyochomelewa ni chuma kilichopoteza ugumu wake jirani na mshono, siku itakayokatika ekseli inahama upande mmoja na wewe uko mwendo wa 80. Mbele ya gari zenye springi za majani ndiyo usithubutu kabisa kuweka bloku, hata moja.

Kifimbo: hicho kinaipima nyuma. Mzigo ukiingia, chesisi inashuka karibu na difu, kifimbo kinageuza valvu, breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Ukiinua nyuma kwa bloku, valvu inadhani gari ni tupu siku zote, hata ukiwa na magunia 12, na breki zote unazifanyia mbele. Naona muuzaji aliligundua hilo akaamua kumaliza kwa waya. Toa waya, na nyuma ikirudi kwenye kimo chake kifimbo kitarudi kwenye kazi yake. Wanaotaka kubaki juu inabidi wainue mshikio wa kifimbo kwa kiasi kilekile.

Bwana_Kona · Jumatatu, saa 9 mchana

Huyo muuzaji ni mhalifu. Mtaje.

Mpunga_Mwekundu · Jumatatu, saa 9 mchana

Hapana mkuu, simtaji. Inawezekana naye aliuziwa hivyohivyo.

Rift_Dereva · Jumatatu, saa 12 jioni

Wadau, mimi niko Eldoret, yangu ni D-Max ya 2019. Huku kwangu mbele ni koili, si tosheni baa, nafikiri zilibadilika na ile mtindo ya 2012. Nataka kuinua kidogo tu, kama inchi moja. Fundi ameniambia aweke speisa, kipande cha kuongezea kimo, ya inchi moja juu ya shokapu. Hiyo iko sawa?

Fundi_Kipara · Jumatatu, saa 1 usiku

Karibu ndugu wa Eldoret. Speisa ya inchi moja juu ya mguu wa shokapu itakupa karibu inchi mbili kwenye tairi, kwa sababu shokapu inashika wishiboni katikati ya urefu wake, haiko kwenye habu. Ukitaka inchi moja, omba speisa ya nusu inchi au zaidi kidogo. Na speisa nayo ina ugonjwa uleule wa kuila nafasi ya tairi kushuka. Kama mfuko unaruhusu, koili ndefu kidogo pamoja na shokapu ya urefu wake ni kazi safi zaidi.

Rift_Dereva · Jumatatu, saa 1 usiku

Shukran sana. Sikuwa najua hiyo ya mara mbili. Ningeishia na gari ya wanasiasa.

Mswahili_wa_Muscat · Jumanne, saa 4 asubuhi

Salamu kutoka Omani. Mpunga, kabla hujaagiza springi za nyuma jiulize swali moja ambalo huku wauzaji wanakuuliza mlangoni: kila siku unatembea na kilo ngapi? Springi zinapangwa kwa mzigo wa kudumu. Kuna za gari tupu, kuna za kama kilo 300 zinazokaa muda wote, kuna za mzigo mzito. Mimi nilitaka sifa nikaweka za mzito, na gari yangu inabeba jokofu dogo na mkeka. Nilisafiri mwaka mzima kama niko juu ya ngamia mwenye haraka. Nimezitoa.

Mpunga_Mwekundu · Jumanne, saa 6 mchana

Hapo pagumu. Miezi tisa natembea tupu, na wakati wa mavuno nabeba kama kilo 800, siku nyingine zaidi (usimwambie askari).

Mama_Maparachichi · Jumanne, saa 7 mchana

Basi fanya kama mimi. Seti ya kawaida ya kiwandani, usiongeze jani la juu. Watu wanaongeza jani zima refu, gari inakuwa jiwe mwaka mzima kwa ajili ya miezi mitatu. Mimi nina lile jani la chini kabisa, nene, fupi, lililonyooka. Gari ikiwa tupu haligusi kitu, mzigo ukiingia springi za juu zinashuka zinalikuta, linasaidia. Hakikisha tu kwamba kwako halijakunjwa kuja juu, maana wapo mafundi wanaolipiga nyundo "ili lifanye kazi", likishakunjwa linafanya kazi muda wote.

Bwana_Kona · Jumanne, saa 2 usiku

Niseme kitu. Nimefanya lile jaribio la kubonyeza. L200 yangu, mimi na shemeji tumekaa kwenye bampa. Kabla imeshuka milimita 31. Nimekaza mizunguko mitatu: 30. Shemeji alitaka tuendelee, tulipofika mizunguko minane ikaanza kugonga.

Nimerudisha. Sitatukana mtu.

Fundi_Kipara · Jumanne, saa 2 usiku

Nakununulia soda ukifika Moro.

Mpunga_Mwekundu · Jumapili iliyofuata, saa 11 jioni

Mrejesho. Nimekaa kimya kwa sababu vifaa vilichelewa kwenye basi.

Nyuma: jani jipya la pili kushoto, na nimebadilisha la kulia pia ili yawe na umri mmoja. Bloku zote zimetoka. Yuboliti nne mpya. Lile jani la chini lilikuwa limekunjwa kwa nyundo kama dada alivyobashiri, tumelipeleka kwa mhunzi wa springi akalinyoosha. Waya wa nondo nimeuning'iniza ukutani kwangu kama kumbukumbu.

Mbele nimefanya mwenyewe usiku kwa simu ya fundi Kipara (hakutaka hela, amesema nimpelekee kilo tano za mchele). Nawawekea alivyonielekeza, huenda likamsaidia mtu.

Siku mbili kabla nilipiga boliti brashi ya waya na kuzimwagia mafuta ya kulainisha kutu, asubuhi na jioni. Siku ya kazi nikanyanyua mbele, stendi chini ya chesisi pande zote mbili, tairi zikaning'inia. Hapo boliti inakuwa nyepesi. Ukijaribu gari ikiwa imesimama kwa uzito wake utaivua uzi, au spana ikuponyoke ikuvunje meno. Nikapaka grisi. Nikachora alama ya rangi kwenye kila boliti ili nisipotee kuhesabu. Kulegeza tu, kamwe usiitoe boliti yote, maana ile fimbo bado ina nguvu na mkono wake unaweza kuruka.

Kwenye gari yangu mzunguko mmoja umetoa kama milimita 5 kwenye madigadi. Yako inaweza kuwa tofauti, kwa hiyo zungusha miwili, shusha, sogeza mbele na nyuma, pima, ndipo uendelee. Mimi niliruka hatua hiyo mara ya kwanza, nikashusha gari na kushangilia kwamba haijabadilika kitu, kumbe ilikuwa bado imejibana. Nilipoisogeza ikakaa.

Mwisho wake: kushoto mizunguko 7, kulia 4 na nusu. Vipimo sasa: mbele kulia 531, mbele kushoto 530. Nyuma kulia 566, nyuma kushoto 563. Kwenye stopa ya juu kidole gumba kinapita.

Nimepita tuta la shule. Mlinzi amesimama. Hakuna "ko". Gari imenesa mara moja ikatulia.

Mama_Maparachichi · Jumapili, saa 12 jioni

Vigelegele! Na mke anasemaje?

Mpunga_Mwekundu · Jumapili, saa 12 jioni

Amesema "si ulikuwa unaweza kufanya hivi tangu mwanzo". Dada, sina jibu.

Fundi_Kipara · Jumapili, saa 1 usiku

Safi sana. Sasa mambo yaliyobaki, usilale.

Boliti za bushi. Zile za sheko (kiungo kinachoshika ncha ya springi) na za masikio ya springi, na za wishiboni za chini mbele, zilikazwa gari ikiwa kwenye kimo cha zamani. Mpira wa bushi umeshikwa kati ya vyuma viwili, ukihama kimo unabaki umejisokota muda wote, unakuwa kama springi ya pili usiyoitaka na unapasuka mapema. Zilegeze kidogo gari ikiwa imesimama juu ya tairi zake yenyewe, itikise, kisha zikaze hapohapo. Mafundi wengi wanakaza gari ikiwa hewani, tairi zinaning'inia, halafu wanashangaa mwezi wa pili bushi zinalia.

Yuboliti zikaze tena baada ya kilomita 500. Zitakuwa zimelegea, majani mapya yanajilaza.

Alaimenti, yaani kunyoosha tairi kwa mashine, ni lazima, wala si ya kusubiri tairi ianze kuliwa. Gari ikiwa juu, tairi za mbele juu zinatoka nje, na mwelekeo wa pua zake unabadilika. Umeishusha milimita 22 kushoto na 29 kulia, vimerudi upande mwingine. Isuzu hii inarekebishwa kwa shimu, vile vibati vinavyokaa kwenye boliti za wishiboni ya juu, mwambie mtu wa mashine asikurekebishie tairodi (fimbo za usukani) peke yake akakwambia tayari. Na umwambie akupime ukiwa na upepo uleule wa 30 na tangi nusu.

Taa za mbele pia. Nyuma imeshuka kuliko mbele, sasa zinamulika juu zaidi ya zilivyokuwa. Wanaokuja mbele yako watakulaani.

Tochi_Haina_Rafiki · Jumapili, saa 1 usiku

Swali la mtu asiye na adabu: kwa hiyo sasa imekuwa gari ya kawaida tu? Ule urefu wote kwisha?

Mpunga_Mwekundu · Jumapili, saa 2 usiku

Imepungua mkuu, siwezi kudanganya. Kijana wangu amenuna. Lakini nilipoenda Mlimba juzi kwenye ule udongo mweusi nimegundua kitu: kilichokuwa kinanikwamisha ni tairi kuning'inia, moja juu, inazunguka bure. Sasa tairi ya mbele inashuka mpaka ndani ya kijito inashika. Na zile milimita 27 za tairi bado ninazo, hizo ndizo zinazoinua difu kutoka kwenye matope. Bloku haziinui difu, zinainua bodi tu.

Nyundo_Saba · Jumapili, saa 2 usiku

Hiyo ya mwisho sikuwahi kuifikiria. Difu imekaa palepale siku zote.

Mpunga_Mwekundu · Jumatano, saa 11 jioni

Nimetoka alaimenti Morogoro. Jamaa wa mashine alianza na tairodi, nikamwonyesha shimu, akaniuliza nimesomea wapi. Gari inaenda mstari. Usukani umekaa katikati.

Fundi Kipara, mchele nimeuacha kwa yule mama wa duka uliyenielekeza. Nimeweka kilo saba.

Jambo moja dogo. Nikikata usukani mpaka mwisho kulia, mwendo wa taratibu, 4x4 ikiwa imeingia, nasikia ta-ta-ta-ta upande wa kushoto mbele. Nikitoa 4x4 haipo. Ndiyo nini tena?

Fundi_Kipara · Jumatano, saa 12 jioni

Mchele nimeupata, asante sana, ni Kyela au wa kwenu?

Hiyo ni jointi ya nje ya draivu shafti, ile shafti inayozungusha tairi ya mbele. Kushoto ndiko kulikokazwa mpaka 36, shafti imetembea imepinda muda mrefu. Tazama buti, zile raba zenye mikunjo, ya nje na ya ndani. Kama imechanika na grisi imerukia rimu kwa ndani, mchanga umeshaingia.

Mpunga_Mwekundu · Jumatano, saa 12 jioni

Wa kwetu fundi, Kyela tunawaachia wenyewe.

Mvua inanyesha hapa na giza limeingia. Nitachungulia kesho asubuhi na tochi, nawawekea picha.